Mwezi Niliomnyima Mama Yako

Juu ya Elburgon, Jumapili jioni

Mwanangu Chelangat,

Hapa mezani namsikia mama yako akilifunga sanduku lako, akilifungua, kisha akilifunga tena. Kila akilifunga anakumbuka kitu. Sasa hivi ametia chupa ya asali. Baada ya hiyo atatia kingine, nami sitaongeza neno juu ya sabuni wala blanketi wala saa ya kulala. Hayo anayajua yeye, na yaliyobaki wauguzi wa Nakuru watakufundisha kwa ukali zaidi kuliko sisi.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno ya jana jikoni. Nilimwomba mama yako afuatane nawe kesho, apande lori la maua ya pareto mpaka stesheni, kisha gari la moshi mpaka Nakuru, ili daktari amtazame. Akasema, "Siendi." Ukamuuliza kwa nini. Akasema tena, "Siendi." Ndipo uliposema, "Mama, wewe unaupenda ugonjwa wako. Unaufuga kama mbuzi." Akacheka kidogo, akaendelea kumenya viazi. Ukatoka ukaubamiza mlango, nami nikabaki kimya kana kwamba nilikuwa upande wako.

Sikuwa upande wako. Nilinyamaza kwa sababu naijua sababu yake ya kukataa, nawe huijui. Unajua kwamba mama yako hawezi kubeba debe la maji. Unajua kwamba akisimama kwa muda hutafuta mahali pa kuegemea, na kwamba wewe ni mtoto wa pekee katika laini hii ya wafanyakazi wa shamba, ambako kila nyumba imejaa watoto. Jina la ugonjwa wenyewe hukuambiwa. Kizazi chake kimeshuka. Kilishuka ungali unanyonya, na aliyeanzisha safari hiyo ni mimi. Hataki kwenda hospitali kwa kuambiwa na mimi, kwa kuwa mara ya mwisho nilipouamulia mwili wake nini cha kufanya, aliniamini.

Nataka uyajue haya kabla hujajifunza ukunga kutoka kwa watu wengine. Nitaeleza polepole, kama nilivyozoea, nawe univumilie kama ulivyozoea.

Sisi ni Waogiek. Wengine hutuita Wandorobo, na zamani nilipolisikia neno hilo nilitazama chini, kwa kuwa wao humaanisha mtu asiye na ng'ombe, mtu asiye na kitu. Nilizaliwa ndani ya msitu huu unaouona kila asubuhi ukitoa ukungu. Kwetu, mwanamke akishazaa, mikono yake ilikuwa na mwiko. Hakupika, hakuteka maji, hakukata kuni, hakugusa chakula cha mtu mwingine. Hata uji wake mwenyewe alishikiwa kibuyu akanywa. Alikaa ndani karibu na moto mpaka mwezi uandame tena. Mama yake mzazi alihamia pale akampikia. Mume alilala kwingine, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuleta nyama na asali na kuviweka nje ya mlango. Nakumbuka nikiwa mdogo, baba yangu amechutama nje ya nyumba yake mwenyewe kwenye mvua, akiuliza kama mtoto ana afya, na shangazi zangu wakimjibu kutoka ndani kwamba mtoto ana afya lakini asali imekwisha, kwa hiyo asichutame hapo kama chura.

Ukiuliza sababu ya mwiko, hakuna aliyekuambia kwamba mzazi amechoka. Walikuambia kwamba ana uchafu, na kwamba mwanamume atakayekula chakula cha mikono yake, meno yatamng'oka moja moja. Waliamini hivyo kwa moyo wote, wanaume kwa wanawake. Shika hilo, kwa sababu kosa langu limekaa hapo.

Serikali ilipotutoa msituni tukashuka kwenye mashamba. Wazee wetu walijua kusoma nyayo za paa na kupanda miti kufuata mizinga ya nyuki, na sasa wakapewa posho ya mahindi na nafasi ya kujenga kwenye laini ya wafanyakazi. Mimi nilibahatika. Misheni ilinichukua, nikasoma, nikarudi nikiwa mwalimu wa shule ndogo ya shamba na msomaji wa kanisa. Nilikuwa kijana, nilikuwa na viatu, na watu waliokuwa na umri wa baba yangu waliniita Mwalimu.

Vita vyangu vya kwanza vilikuwa dhidi ya kisu cha kuwatahiri wasichana. Dada yangu alikufa kwa kisu hicho, na wazee wakasema kwamba bila shaka alikuwa ameficha dhambi. Nilisimama nikasema kwamba hakuficha dhambi yoyote, kwamba alivuja damu tu. Walinitukana, walinitishia, mmoja alinipiga kwa fimbo. Juu ya jambo hilo sijabadilisha neno hata moja mpaka leo, nawe mwenyewe kisu hakikukugusa. Lakini kuwa na haki katika jambo moja kunalevya, mwanangu. Unaanza kudhani kwamba umepewa macho ambayo wenzako hawana. Baada ya kushinda pale nilizunguka na akili yangu kama mtu aliyepewa shoka jipya, natafuta cha kukata.

Nikauona mwiko wa mzazi.

Niliwaza hivi: wanasema mwanamke ni mchafu. Ni mchafu kwa kosa gani? Kwa kuzaa, yaani kwa kufanya kazi ambayo bila hiyo hakuna hata mmoja wetu. Hilo ni tusi, na tusi hilo lazima liondoke. Nilihubiri mara nyingi kwamba Mungu hakumuumba mwanamke mchafu, wala mikono iliyopokea mtoto haiwezi kutia chakula sumu. Wanawake walinisikiliza kwa utulivu, na baadhi yao walinishukuru. Nakuambia hili ili usidhani kwamba baba yako alikuwa katili. Nilidhani ninawatetea.

Kisha ukazaliwa wewe, nikaona Mungu amenipa nafasi ya kuonyesha kwa vitendo.

Kogo, mama wa mama yako, uliyemjua akiwa amepofuka, siku hizo alikuwa na macho makali na ulimi mkali zaidi. Alikuwa amehamia kwetu kumtunza binti yake. Alisikia mpango wangu, akaniita. Mkwe na mama mkwe hawakutazamana, kwa hiyo tulizungumza yeye akiwa ndani, mimi nje, ukuta wa mianzi kati yetu.

"Mwalimu," alisema, "nasikia unataka kula chakula cha mzazi."

"Nitakila, Mama."

"Meno yote unayo?"

"Yote."

"Basi tafuna sana leo. Kesho utakuwa unanyonya pamoja na huyu mchanga."

Wanawake waliokuwa naye wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Mama, na nisipong'oka jino?"

"Ukibaki na meno," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena, "basi wazee wote walionizaa walikuwa waongo."

Aliniwekea mtego pasipo kujua, nami nikamwekea wake. Tulikubaliana, yeye na mimi, kwamba jambo zima litaamuliwa na meno yangu. Hakuna aliyeuliza kama mama yako alikuwa na nguvu za kuinua sufuria.

Na mama yako alisema. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini hata sasa. Jumamosi nilimwambia, "Kesho baada ya ibada utawapikia wazee wa kanisa, nami nitakula mbele ya watu wote." Kitovu chako kilikuwa kimeanguka juzi yake tu. Alikuwa ameketi, umelala mapajani pake. Akasema, "Sufuria ni kubwa."

Nikamwambia, "Usiogope. Mungu yuko pamoja nasi."

Nilisikia woga wa mwiko. Nilisikia imani haba, nikajibu imani haba. Yeye alikuwa akiniambia juu ya sufuria.

Alipika. Aliteka maji mwenyewe, kwa kuwa Kogo alikataa kushiriki, akaondoka akaenda kukaa nyumbani kwa jirani. Mama yako alisonga ugali wa watu wengi, akauinua kutoka jikoni akauleta mpaka uwanja wa shule. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na nilipoona hivyo nilisema moyoni kwamba ni uso wa mtu anayemshinda shetani. Nilimega tonge la kwanza, nikalitafuna taratibu watu wote wakitazama, nikafungua kinywa kuwaonyesha meno. Walipiga makofi. Muda mrefu baadaye wanaume walinisalimia njiani kwa kusema, "Mwalimu, hebu cheka tuone." Nami nilicheka. Kogo hakuwahi kulizungumza tena. Niliona nimemshinda, na kweli nilimshinda.

Sasa nikueleze kilichofuata, kwa maana hapa ndipo mambo yanapoungana.

Nyapara wetu wakati huo alikuwa Mnandi mwenye sauti ya fahali. Hakuogopa mtu, lakini aliuogopa mwiko, maana kwao pia ulikuwapo. Kikapu cha pareto kilichochumwa na mzazi asingekigusa hata kwa fimbo. Kwa hiyo mwanamke akizaa, nyapara hakukaribia mlango wake mpaka mwezi upite. Mwenye shamba, Mzungu ambaye watu walimwita Filimbi kwa ajili ya ile aliyoivaa shingoni, alifoka na kutukana, lakini hakumpata mtu wa kwenda kuwatoa wazazi ndani. Siku hizo Wazungu walikuwa wakipigana vita vyao ng'ambo, na pareto ilitakiwa kuliko wakati wowote. Maua hayangoji. Yakifunguka lazima yachumwe, na wachumaji walikuwa wanawake, kwa vidole vyao, toka ukungu wa asubuhi mpaka mvua ya alasiri, kikapu kimefungwa kiunoni na mtoto mgongoni.

Baada ya Jumapili ile nyapara alipita mlango kwa mlango. "Mwalimu amekula na hakupatwa na kitu! Hakuna mwiko tena, toka nje!" Wanawake wakatoka. Wangesema nini? Kwamba wamechoka? Nani kwenye laini hakuwa amechoka?

Filimbi aliniita ofisini kwake, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. "Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake, "wewe nafanya kazi mzuri sana. Sasa bibi yote nakuja shamba mapema. Iko akili kwa kichwa yako." Akanipa koti lake la zamani. Ndilo lile la sufu ulilokuwa ukijificha ndani yake ulipokuwa mdogo. Nililivaa kanisani miaka mingi, na nililivaa kwa fahari.

Mke wa mwalimu hakuweza kubaki nyumbani wake za wengine wakichuma. Mama yako alikwenda shambani pamoja nao. Alichuma, akabeba vikapu mpaka kwenye banda la kukaushia maua, na jioni akateka maji mtoni, debe mgongoni na ukanda kwenye paji la uso, akipanda ule mteremko unaoteleza ambao wewe huupanda mbio. Jioni moja aliniambia kwamba kitu kimeshuka ndani yake, kwamba akitembea anahisi kama anabeba jiwe mahali ambapo jiwe halibebwi. Nilikuwa nasahihisha vitabu vya watoto. Nilimwambia yatapita. Niliona haya kwa ajili yake, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikitangaza kwamba mwili wa mwanamke hauna aibu, na mke wangu aliponiambia habari za mwili wake, nilitazama vitabu.

Hayakupita. Alijifunga kwa vitambaa, akaendelea na kazi. Alishika mimba mara mbili baada yako, na zote zikaharibika. Ya pili ilikuwa ya mtoto wa kiume, alikwisha kuwa na kucha. Nilisimama kanisani nikasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Baada ya hapo hapakuwa na mimba tena. Watu walimsema, na unajua vile laini inavyosema. Walisema Kogo alimlaani kwa kuvunja mwiko. Kwa hiyo alipata yote mawili: madhara ya kuuvunja, na lawama ya kuuvunja. Mimi nilibaki na meno.

Nisikudanganye kwamba nilikuwa peke yangu, maana kusema hivyo nako ni majivuno. Mwanamke wa msituni aliyezaa alikunywa mchuzi wa nyama na mizizi, akala asali na mafuta. Kwenye laini alikuwa na posho na mboga, na siku nyingine posho bila mboga, ndipo damu yake ikawa nyepesi kama maji ya chai. Msitu ule ule uliokuwa ghala letu ulifungwa, ukawa na walinzi. Hali ya Hatari ilipotangazwa, hata vijia ambavyo wakunga walipita kwa siri kuchimba dawa zao vilizibwa, na mtu alihitaji pasi ya ruhusa kwenda kumwona binti yake aliye na uchungu shamba la pili. Nyumba zetu zinavuja, na baridi ya huku juu inaingia kwenye mifupa ya mzazi ikakaa. Yote hayo yalikuwapo, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kuliondoa kwa mahubiri. Lakini fikiri. Watu walionyang'anywa msitu, nyama, dawa na njia walikuwa wamebakiwa na kitu kimoja ambacho hata Filimbi hakuweza kukigusa, yaani ule mwezi mmoja. Nilichokiondoa mimi kilikuwa hicho.

Utaniuliza nililijua hili lini. Nililijua mapema kuliko unavyodhani. Memsabu, mke wa Filimbi, alijifungua mtoto wake wa pili ulipokuwa umeanza kutembea. Nilitumwa na watoto wa shule kumpelekea maua na wimbo. Tulisimama verandani. Alikuwa kitandani, dirisha wazi, amevaa shali nyeupe, na yaya alikuwa akimlisha supu kwa kijiko. Kwa kijiko, Chelangat, mwanamke mwenye mikono miwili mizima. Tayari mtoto alikuwa na wiki kadhaa. Filimbi alitoka akitembea kwa vidole vya miguu, akatuambia tuimbe polepole. Alikuwa amewafungia mbwa wake mbali ili wasibweke.

Nilisimama pale nikiongoza wimbo kwa mkono, macho yangu kwenye kile kijiko. Hakuna aliyesema kwamba Memsabu ni mshenzi, wala kwamba anaamini uchawi. Alikuwa anapumzika, basi. Yeye hakuhitaji mwiko, kwa sababu alikuwa na mume mwenye shamba na daktari mwenye gari. Mama yako na wenzake hawakuwa na hayo, walikuwa na hofu ya meno ya watu. Sababu ya mwiko ilikuwa ya uongo na mwiko wenyewe ulikuwa mwema, nami niliyesoma nilidhani kwamba nikiuthibitisha uongo wa sababu nimethibitisha ubaya wa jambo. Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa ameinama anapura maharagwe, mkono mmoja tumboni. Nilimtazama. Sikumwambia kitu.

Kunyamaza huko ndiko kosa langu kubwa zaidi. La kwanza lilikuwa la ujinga, na mjinga anaweza kusamehewa. La pili nilijua. Ningeweza kusimama Jumapili iliyofuata nikasema, "Nilikosea, waacheni wazazi wakae ndani." Lakini wangeuliza, "Na lile la kisu, nalo ulikosea?" Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ina chembe ya ukweli. Sababu iliyobaki ni kwamba nilipenda kuitwa Mwalimu. Miaka ikapita, na kila mwaka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Alhamisi iliyopita nilimkuta Chemutai, yule mke wa kijana anayekama ng'ombe, kwenye mistari ya pareto. Unajua ana mtoto wa juzi. Mvua ilikuwa inanyesha, ameegemea kikapu, maziwa yamelowesha gauni.

"Chemutai," nilimwambia, "mbona hukupumzika kwanza?"

Akanitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la hila. "Mwalimu, si wewe uliyesema mwiko umekwisha? Mimi nilizaliwa nikaukuta umekwisha."

Alisema kwa heshima, hata akaniinamia kidogo. Nilirudi nyumbani, na jana nikamwomba mama yako aende nawe Nakuru, kana kwamba hospitali inaweza kulipa badala yangu. Akasema haendi. Nawe ukamlaumu yeye.

Kwa hiyo unapokwenda, nikuombe hili tu. Watakufundisha mambo ya kweli huko, nami nafurahi. Utajua habari za wadudu wa magonjwa na za damu, utarudi ukiwa sahihi katika mengi, na utaona bibi wa vijijini wakifanya jambo kwa sababu isiyo na maana. Kabla hujaliondoa, tazama ni nani anayezuiwa nalo asiingie mlangoni. Ukiwa huna kitu kingine cha kumzuia huyo, liache kwanza. Na mwanamke akikujibu kwa neno linaloonekana liko kando ya swali lako, usiharakishe kumtia moyo. Muulize tena.

Nilikuwa nimefika hapo, nikaweka kalamu chini, nikamwita mama yako. Nilimwambia, "Mama Chelangat, keti nikusomee." Amekaa kwenye kile kiti chake, upande mmoja kama anavyokaa, amesikiliza mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani atalia. Ameniuliza kama chai imebaki.

Kisha akasema, "Umekosea mahali pamoja. Umeandika nilikuwa na rangi ya majivu. Hukuandika kwamba nilikuwa na hasira."

"Sikujua ulikuwa na hasira."

"Ndiyo maana nasema, andika. Na usiandike kana kwamba nilikuwa mbuzi anavutwa. Nami nilitaka wanione. Nilitaka waseme, tazameni mke wa Mwalimu, huyo haogopi. Niliinua sufuria ile kwa kiburi changu mwenyewe. Usinichukulie na hicho."

Nimeandika kama alivyosema.

Nikamwomba msamaha. Nimeishi naye miaka hii yote, na ilikuwa mara ya kwanza kumwomba kwa jambo hili. Akaitazama chai yake. "Baba Chelangat," akasema, "siku ile ulisema kwa sauti kubwa, watu wote wakasikia. Leo unaniambia mimi jikoni na kumwandikia mtoto mmoja kwenye karatasi. Chemutai atasikia kwa karatasi hii?"

Nikasema Jumapili ijayo nitasimama kanisani. Nitawaambia kwamba nilikosea na kwamba mzazi akae ndani mwezi wake. Nyapara wa sasa akija milangoni, aje kwangu kwanza. Sijui Filimbi atafanya nini. Huenda nikapoteza shule. Nilimweleza hayo mama yako, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia bei anayoifahamu.

Kisha akainuka, akaenda pembeni, akaanza kukunja kanga zake. Nikauliza anafanya nini.

"Naenda na mtoto wangu," alisema. "Lakini wewe usije. Hata stesheni usije. Na huyo wa kunitazama awe mwanamke. Kama hakuna, nitangoja hapo hapo mpaka apatikane."

Nilimwomba angoje wiki moja tu, asafiri Jumatatu ijayo, ili awepo kanisani anisikie nikisema. Nilitaka sana awepo. Niliona ni haki yake kuyasikia, na ukweli ni kwamba nilitaka anione.

Hakugeuka hata kunitazama. "Utakuwa unasema na watu," alijibu. "Mimi nina lori la kupanda."

Basi, binti yangu, mzigo wa pili utakaoukuta mlangoni alfajiri ni wa mama yako. Ubebe wewe. Mwambie dereva amkalishe mbele.

Baba yako